Vitabu vya picha tusiwape watoto rangi za vyama

Mhariri, salaam toka Kirumba, Mwanza. Juzi nilimnunulia mwanangu wa miaka 5 kitabu cha picha, kufungua tu nakuta mzee kavaa shati la rangi ya chama anagawa pipi na watoto wamepiga magoti, mtoto akaniuliza, "Mama, kwani kiongozi ni mwenye pipi?" Nilikosa jibu kabisa.

Sisemi watoto wasifundishwe siasa, hapana. Mwalimu Nyerere kwenye andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka elimu ijenge akili ya kudadisi, sasa mtoto aliyepiga magoti atadadisi saa ngapi jamani? Hata vyama vingi tunavyo toka 1992, mtoto wa chekechea umvalishe rangi ya chama ya nini?

Wachoraji wetu njooni soko la samaki la Mwaloni asubuhi muone dagaa wanavyopimwa kwa ndoo, mama akipunjwa anasema hapohapo mbele za watu na ndoo inarudiwa kupimwa. Chora hiyo! Mtoto wa hapa ataielewa haki bila kuhubiriwa. Na maandishi yawe makubwa, bibi zao ndo wanaowasomea usiku.

Mama wa chekechea, Kirumba