Barua kwa Rehema: Faili lako likifika mezani kwangu

Columbus, Ohio
14 Septemba 2025

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, watoto wameshafungua shule, na baridi bado haijaanza kutukumbusha kwamba watu wa Tanga hatukuumbiwa Ohio. Hongera tena kwa kazi. Mtu aliyeanzia wodi za Mirembe leo ana chumba chake cha kuonea wagonjwa wa akili huko Texas, anaandika dawa na kusaini kwa jina lake! Najua mama akianza kuwasimulia majirani habari hiyo hapumui katikati.

Sasa nije kwenye malalamiko yako. Ile sauti uliyonitumia usiku nimeisikiliza mpaka mwisho. Unasema watu wa misimbo, zile alama fupi zinazowakilisha magonjwa, wanakurudishia mafaili kila kukicha, wanauliza maswali ambayo mtoto angeweza kuyajibu, na wewe una foleni ya wagonjwa mlangoni. Shoga yangu, watu hao ndio mimi. Sipo kwenye kliniki yako, lakini kazi ni ile ile: nasoma ulichoandika, nakigeuza kuwa misimbo ya ICD-10-CM, orodha ya magonjwa inayotumika Marekani, misimbo inakwenda bima, bima inalipa au inakataa. Badala ya kukupa pole, nimeona nikueleze kinachotokea upande wangu wa skrini.

Mimi mgonjwa simwoni. Sikumsikia alivyoongea kwa kunong'ona, sikuona kwamba amekuja na kandambili mguu mmoja na kiatu mguu wa pili. Nina maandishi yako tu, na sheria za kazi yangu hazinipi ruhusa ya kukisia. Tuseme umeandika kwamba PHQ-9, lile dodoso la maswali tisa la kupima sonona, imetoka 21, usiku kucha analala kwa muda wa saa mbili tu, amepungua uzito, unampandishia sertraline, dawa ya sonona. Halafu kwenye sehemu ya ugonjwa ukaweka "sonona", nukta. Mimi kama binadamu najua hiyo ni sonona kali. Dodoso lenyewe linasema alama 20 hadi 27 ni hali kali. Mimi kama mweka misimbo siruhusiwi kulijua hilo mpaka wewe uliandike kwa mkono wako. Neno "sonona" peke yake linanipeleka F32.A, sonona isiyofafanuliwa. Msimbo huo ulianza Oktoba 2021. Kabla ya hapo neno hilo tupu lilikuwa linaangukia F32.9, kwenye fungu la sonona kuu, kwa hiyo mtu mwenye huzuni ya kupita na mtu asiyeweza kunyanyuka kitandani walisomeka sawasawa. Walifanya vizuri kuwatenganisha, ila wametuongezea kazi: sasa usipofafanua, mgonjwa wako mahututi anahesabiwa na wale wa kupita.

Nikupe mfano. Nimeubuni, usihangaike kutafuta ni nani. Faili la kwanza:

"Mwanamke, miaka 46. Sonona. Yuko sawa. Aendelee na dawa. Arudi wiki nne."

Faili la pili, mama huyo huyo, siku hiyo hiyo:

"Sonona kuu ya kujirudia, kipindi cha sasa cha wastani, hakuna dalili za saikosisi. Kipindi cha kwanza kilimpata baada ya kujifungua mtoto wa pili, akapona, akakaa miaka bila dalili. Hiki kilianza Mei. PHQ-9 leo 13, mwezi uliopita 18. Sasa analala jumla ya saa tano kwa usiku, kutoka tatu. Amerudi kazini nusu siku. Chakula bado hakimwingii. Nimemuuliza kuhusu mawazo ya kujiua, anasema hana. Sertraline 100, ilipandishwa kutoka 50, kichefuchefu asubuhi kimepungua. Tiba ya mazungumzo iendelee, arudi wiki nne."

La pili linanipa F33.1 bila kukupigia simu. Na mkaguzi wa bima akija mwakani, atakuta umemfuatilia, umempima, umeamua, umemtibu. Hayo manne ndiyo anayoyatafuta. La kwanza nitalirudisha kwako na maswali, nawe utanitukana kwenye WhatsApp.

Ukiitazama sonona kwa macho yangu, kuna vitu ninavyovitafuta kila mara: ni mara ya kwanza au imejirudia, ukali wake leo, kuna saikosisi (kupotewa na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo) au hakuna, na kama imepoa, imepoa kiasi au kabisa. Kwenye kujirudia usisahau kwamba lazima kuwe na walau miezi miwili mfululizo katikati ambayo mgonjwa hakuwa tena na ugonjwa kamili. Andika kwamba miezi hiyo ilikuwepo. Wengi hawaandiki, wanaona inajulikana. Kwangu haijulikani.

Kinachonikera zaidi ni hiki: matabibu mnapenda kuandika "ana historia ya bipola", ule ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno, mkimaanisha ameishi nayo tangu ujanani. Kwenye miongozo yangu historia ni jambo lililokwisha, halitibiwi tena, na msimbo wake ni Z86.59. Huku wewe unamwandikia litiamu, dawa ya kutuliza hisia zake, kila mwezi na kumpima damu! Kwa hiyo kwenye karatasi anaonekana mtu aliyepona anayekunywa litiamu kwa kujifurahisha, na bima ikikataa kulipia vipimo inaambulia kulaumiwa bure. Andika "bipola aina ya kwanza, imepoa kabisa, kipindi cha mwisho kilikuwa cha mania, litiamu inaendelea". Hicho cha mwisho usikiache, maana misimbo ya bipola iliyopoa imegawanywa kwa kipindi kilichotangulia: mania, yaani kupanda, inakwenda F31.74, sonona F31.76. Na ukishaandika bipola, futa ile sonona kuu iliyobaki kwenye orodha ya magonjwa tangu enzi za daktari aliyekutangulia. Haviandikwi pamoja, mfumo unavikataa.

Sasa hili ulipe nafasi, maana wewe umetoka wodini na mazoea ya wodini yatakuponza. Mgonjwa aliyelazwa, ikiwemo hospitali ya wagonjwa wa akili, akiruhusiwa na daktari ameandika "inaelekea ni skizofrenia", tunaweka msimbo wa skizofrenia (ugonjwa mzito wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyo ya kweli) kana kwamba imethibitika. Mgonjwa wa nje ni kinyume chake. "Huenda", "inashukiwa", "kuondoa uwezekano wa", vyote hivyo siruhusiwi kuviwekea msimbo wa ugonjwa. Naweka dalili. Anasikia sauti? R44.0. Basi usione aibu kuandika dalili na kuishia hapo. Wengine wanaona kwamba kuandika dalili ni kukiri hujui kazi, kwa hiyo ziara ya kwanza tu wanabandika ugonjwa mzima ili faili lionekane limekamilika.

Mimi naona sheria hii ni ya huruma kuliko zote tulizonazo. Fikiria msichana wa miaka 19 aliyeanza kusikia sauti wiki tatu zilizopita, anavuta bangi, hajalala siku nne. Skizofrenia inataka miezi sita ya dalili. Ukiiandika leo, kesho iko kwenye orodha yake, mwezi ujao daktari wa meno anaiona, na miaka kumi baadaye akifika na maumivu ya kifua kuna mtu atasoma faili kabla ya kumsikiliza. Na kuiondoa ni kazi. Nimeona jina la ugonjwa likinakiliwa kutoka ziara hadi ziara, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyelithibitisha, na hakuna aliyelithibitisha.

Na usidhani makosa haya huwa ni ya haraka tu. Unazijua nyumba za wazee, ndizo zilizotupokea wengi wetu tulipofika nchi hii, tukiwaogesha na kuwalisha. Serikali huzipima nyumba hizo, pamoja na mengine, kwa idadi ya wazee wanaopewa dawa za saikosisi, kwa sababu dawa hizo zilikuwa zikitumika kuwatuliza wenye dimensia, yaani waliopotewa na kumbukumbu, na zina hatari kwao. Lakini wenye skizofrenia, au magonjwa ya ubongo ya Huntington na Tourette, hawahesabiwi, maana huenda wana sababu ya kweli ya kuzipata. Unaona mlango ulipo. Wazee ambao maisha yao yote hawakuwahi kuwa na skizofrenia wakaanza "kuipata" uzeeni, wakati ni ugonjwa ambao kwa kawaida huanza ujanani. Januari 2023 CMS, idara ya serikali inayosimamia Medicare, bima ya wazee hasa, na Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, wakatangaza kwamba wataanza kukagua nyumba hizo, wafungue mafaili na kuuliza: uchunguzi wa ugonjwa huu uko wapi? Fikiria bibi wa miaka themanini na kitu, dimensia imemvuruga jioni, anabandikwa skizofrenia ili nyumba isipungue nyota za ubora. Ukiulizwa kwa nini nashikilia maneno kama hakimu, ni kwa ajili ya huyo bibi.

Kwa hiyo nikikuambia uandike kikamilifu, sikuambii uandike kikubwa. Watakuja wa kukuambia hivyo. Kwenye mipango ya Medicare Advantage, ile Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima, malipo hupanda kulingana na uzito wa magonjwa ya mwanachama, na katika hesabu mpya iliyoanza kuingizwa 2024, sonona nyepesi haiongezi chochote. Ya wastani na kali ndizo zinazohesabika. Basi usishangae kusikia kwenye kikao kwamba wagonjwa wako "wanaonekana wepesi mno". Kama PHQ-9 ni 7 na mtu anafanya kazi, anakula, analala, huyo ni mwepesi, na andika mwepesi. Hata sisi tumewekewa mipaka: miongozo ya AHIMA na ACDIS, vyama vya watu wa kazi hii yetu ya kumbukumbu za wagonjwa, inasema swali letu kwako lisikuelekeze jibu. Likija swali lenye jibu moja tu, tena lile linalolipa, lirudishe na umwambie msimamizi wako. Swali halali la kuchagua jibu huwa pia na nafasi ya "nyingine" na "haiwezi kujulikana kwa sasa".

Pombe na dawa za kulevya kwa ufupi: "anakunywa" hainisaidii. Sema tatizo la matumizi ya pombe, jepesi, la wastani au kali. Jepesi ni F10.10, la wastani na kali yote mawili ni F10.20, na kama ameacha sema imepoa tangu lini.

Mawazo ya kujiua yaandike kila ziara, yawepo yasiwepo, na usiyafiche ndani ya maelezo ya sonona ukidhani yameshaeleweka. Yana msimbo wake, R45.851, na aliyewahi kujaribu zamani ana wake, Z91.51. Zamu ya usiku ya dharura huko watakapompokea watasoma orodha, hawatasoma aya zako.

Uliuliza pia kuhusu siri, kwamba unaogopa kuandika sana kwa sababu mgonjwa amekuambia mambo ya nyumbani kwake. Una haki ya kuogopa. HIPAA, sheria ya Marekani ya siri za wagonjwa, inakuruhusu kuwa na daftari la tiba ya mazungumzo lililotengwa na faili, na huko ndiko kwa yale ya mume, ya baba mkwe, ya ndoto. Ila dawa, muda wa kuanza na kumaliza kikao, aina ya tiba, matokeo ya vipimo, na muhtasari wa ugonjwa, dalili, mpango na maendeleo, hivyo sheria haivihesabu kuwa vya daftari. Vikae kwenye faili. Mimi sihitaji kujua mume alisema nini. Nahitaji kujua kwamba usingizi ulikatika baada ya mfarakano wa kifamilia. Kumbuka pia wagonjwa sasa wanasoma mafaili yao kwenye simu, wakati mwingine kabla hujatoka kazini. Andika kama mtu atakayeulizwa na mwenye habari zake.

La mwisho ni fedha yako mwenyewe. Ukimwona mgonjwa kwa dawa na papo hapo ukafanya naye tiba ya mazungumzo, unastahili kulipwa vyote viwili. Lakini dakika za mazungumzo ziandike peke yake, usizichanganye na zile za kukagua dawa. Kuanzia dakika 16 hadi 37 ni msimbo wa malipo 90833. 38 hadi 52 ni 90836. Zikiwa 15 hakuna kitu. "Tumeongea kwa muda mrefu" pia hakuna kitu, na ndivyo ulivyoandika kwenye ule mfano ulionisomea.

Oktoba mosi orodha mpya ya misimbo inaanza kutumika. Nitapitia sehemu ya F nikuambie kama kuna kilichobadilika kwa wagonjwa wako. Nawe nitumie mafaili mawili matatu uliyorudishiwa, ukiwa umefuta majina, tarehe na kila kinachomtambulisha mtu, tuyapitie Jumapili kwa simu baada ya saa nane zako. Watoto wanakusalimu, na yule mdogo anauliza lini utaleta tena achari ya embe.

Wako,
Mwanaidi