Utanunua ipi, mwanangu?

Nyemo mwanangu,

Dada yako anashuka Dar kesho na treni ya SGR, nimemkabidhi barua hii pamoja na karanga. Kwenye simu unanijibu "usijali mama", halafu mtandao unakatika. Hii isome mpaka mwisho.

Kwamba kiwanja cha Ihumwa umekiuza nimesikia kwa watu. Haya, ni chako. Lakini kusema ukifika Basel huko Uswisi fedha yote unaitia kwenye hisa za Roche, ile kampuni ya dawa, kwa kuwa chuo chako kiko jirani nao, hapo usingizi umenitoka. Utanunua ipi? Uliponiambia "hisa ni hisa, mama", nikajua hujui.

Taarifa yao ya mwaka uliyonitumia nimeisoma kwa miwani ya baba yako mpaka usiku wa manane. Wana karatasi mbili. Moja ni hisa yenye kura. Nyingine wanaiita Genussschein: gawio, yaani fungu la faida, unapata sawa na mwenzako, ila kwenye mkutano mkuu huna mkono wa kunyoosha. Hii ndiyo iliyojaa sokoni, na ndiyo utakayouziwa. Kura nyingi ziko kwa ukoo wa yule mzee aliyeanzisha kampuni mwaka 1896. Novartis, kampuni nyingine ya dawa, nao wa Basel hapo hapo, walikuwa na karibu theluthi ya kura. Mwaka 2021 Roche wakazinunua zote kwa faranga bilioni 19 wakazifuta, ukoo ukazidi kukaza. Sikukatazi kununua, baba. Ila usije ukaniandikia kwamba sasa na wewe ni mwenye kampuni.

Na fedha ya kuwalipa Novartis walikopa. Kampuni kubwa hukopa kwa hatifungani, yaani karatasi za deni, na aliyenazo ni mdai tu. Riba yake ina tarehe, faida iwepo isiwepo, na kampuni ikifilisika hulipwa kabla ya mwenye hisa. Lakini dawa ikitingisha dunia haongezewi hata senti. Yangu ni ya serikali, ile ya miaka 25 niliyochukua 2021 kwa asilimia 15.95, huingia kila miezi sita. Itaiva 2046, sijui nani atakwenda kuichukua. Usiilinganishe na za huko, riba ya faranga ni kiduchu.

Wewe mfamasia unaijua Vioxx, ile ya maumivu, kama dawa. Tarehe 30 Septemba 2004 wenye kuitengeneza, Merck wa Marekani, waliiondoa sokoni, na siku ile ile hisa yao ikaporomoka zaidi ya robo. Wenye hatifungani za Merck riba yao iliendelea kuingia. Sasa wewe unayetaka kutia kiwanja kizima kwenye karatasi moja, ikikukuta siku kama hiyo ugenini utakula nini? Kwetu hakuna aliyewahi kusomea dawa hadi huko, nilijisifu sokoni Majengo mpaka wakanichoka. Halafu nisikie kodi ya chumba imekushinda?

Zile hisa za jina lako tulizosema karatasi zake zilipotea tukihama Kizota, hazikupotea. Ada ya dada yako ilikwama, nikaziuza bei ikiwa chini, na dalali nikamhimiza mwenyewe. Tuyaache.

Tena gawio la Uswisi hukatwa asilimia 35 kabla halijakufikia. Uliza mapema namna ya kudai urudishiwe, usingoje mpaka mwisho wa mwaka kama ulivyofanya na mkopo wa chuo.

Tanki limepasuka ubavuni, maji yakitoka tunakinga kwa ndoo. Fundi nimemwambia asubiri riba. Mbuzi mweupe kazaa mapacha. Mizabibu bado haijapogolewa, yule kijana uliyemsifia hajaonekana tangu alipochukua posho.

Ukifika piga, na kabla ya salamu niambie ni ipi. Karanga nusu mpe shangazi yako wa Tabata. Kopo ni langu la sukari, mwachie dada yako arudi nalo.

Mama yako