Asilimia ghafi ya kingamwili za Korona isitangazwe

Mhariri,

Tunaomba nafasi kuhusu upimaji wa kingamwili za Korona hapa Bukavu. Asilimia inayotoka moja kwa moja kwenye vipimo siyo asilimia ya walioambukizwa, wala haifai kusomwa redioni kabla ya kusahihishwa.

Kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, huonyesha nani alishakutana nacho, siyo nani anaumwa leo. Hujitokeza baada ya wiki moja hadi tatu, kisha hupungua kadiri miezi inavyopita. Faida yake ni kwamba hata asiyefika hospitali huonekana.

Tuseme kipimo cha haraka kinatambua walioambukizwa 85 kati ya 100, lakini huwasingizia 3 kati ya 100 wasioambukizwa. Vipimo katika mtaa wa Kadutu vikionyesha kingamwili kwa watu 8 kati ya 100, ondoa 3, wanabaki 5. Gawanya kwa 0.82 (0.85 kutoa 0.03), unapata kama 6 kwa 100. Wakisingiziwa 5 badala ya 3, jibu linashuka chini ya 4! Na namba ya usahihi iliyoandikwa kwenye boksi la kipimo mara nyingi imetokana na damu ya Ulaya au Asia. Kwetu malaria imejaa, na kingamwili zake zinaweza kukidanganya kipimo. Kwa hiyo kwanza kijaribiwe kwa damu ya watu wa huku iliyohifadhiwa kabla ya 2020, yaani kabla Korona haijafika, angalau sampuli 200.

Pili, wapimwe nani? Foleni ya hospitali au ya mpaka wa Ruzizi haiwakilishi mji. Maeneo ya afya ya Ibanda, Kadutu na Bagira yachaguliwe kwa kura kulingana na wingi wa watu, kisha avenue (barabara za mtaa), kisha nyumba. Mkitarajia 20 kwa 100, na kosa lisizidi 3 juu au chini, hesabu inadai watu 683. Kwa kuwa wa nyumba moja huambukizana, zidisheni mara mbili. Mkikuta mlango umefungwa, rudini jioni au Jumapili. Ukimpima jirani badala yake, umewaacha wafanyabiashara na wenye pikipiki, ambao ndio hukutana na watu wengi.

Wakati wa kutoboa kidole kupata damu, spiriti ikauke kabisa, na tone la kwanza lifutwe. Kipimo kilale sawa, dakika zihesabiwe kwa saa: vingi husomwa dakika ya 15, na baada ya 20 mstari hafifu unaweza kutokea wenyewe. Wasomaji wawe wawili, kila mmoja aandike peke yake.

Chanjo nayo ina lake. Tangu Aprili 2021 wapo waliochanjwa, na AstraZeneca, Pfizer au Moderna huleta kingamwili za protini S (ile ya miiba ya nje ya kirusi) pekee. Anayetafuta maambukizi atumie kipimo cha kingamwili za protini N (ile ya ndani ya kirusi, ambayo chanjo hizo hazina), na kila mtu aulizwe tarehe ya chanjo.

Tunawaomba waandishi wa habari, kabla ya kuchapa asilimia yoyote, waulize jina la kipimo, idadi ya waliokataa kupimwa, na namba ya kabla na baada ya kusahihisha.

Wahudumu wa maabara na wa afya ya jamii,
Bukavu