Kabla ya Kununua Dawa ya Mahindi, Tuletee Kiwavi

Kila msimu wa masika, wateja wetu wanaolima Mwakirunge, Kwale na Kilifi hufika dukani kuulizia dawa ya wadudu wanaotoboa mahindi. Nasi kwanza huwauliza ni mdudu gani, kwa sababu hapa Pwani mahindi hushambuliwa na viwavi wa nondo zaidi ya aina moja.

Anayetusumbua zaidi ni kiwavijeshi vamizi, ambaye asili yake ni Amerika na ambaye aliripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, kisha Kenya mwaka 2017. Nondo wake huruka usiku. Dume ana baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, lakini jike ni wa kijivu kisicho na alama ya wazi, kwa hivyo hatushauri mtu aamue kwa nondo aliyemkuta kwenye taa. Mtazame kiwavi. Mtoe katika moyo wa mhindi, yaani majani machanga yaliyojikunja katikati ya mmea, mweke kiganjani: akishakua, usoni huwa na mistari iliyofifia inayochora herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Madoa hayo ndiyo tunayoyaamini zaidi. Majani aliyoyala huchanika ovyo, na ndani ya moyo hujaa kinyesi kama unga wa mbao.

Bungua, kiwavi mwingine wa nondo anayetoboa mahindi, kwa upande wake huacha vitundu vidogo vilivyojipanga mstari kwenye majani, kisha huingia ndani ya bua, na akishaingia humo dawa ya kunyunyiza haimfikii.

Jike wa kiwavijeshi hutaga mayai 100 hadi 200 kwa fungu moja juu ya jani, akayafunika kwa manyoya laini, nayo huanguliwa baada ya siku chache tu. Mwenye shamba dogo akiyaona ayasage kwa vidole. Kwa hatua hiyo, hilo ni bora kuliko dawa yoyote tunayouza. Viwavi wakiwa bado wadogo, dawa inyunyizwe alfajiri au jioni, ikilengwa ndani ya moyo, kwa maana wakubwa hujificha chini ya kinyesi chao.

Kuwatambua wadudu dukani kwetu ni bure. Lete viwavi wakiwa hai pamoja na jani walilolila, kila mmoja katika chupa yake, kwani wakiwekwa pamoja hulana.