Shukrani kwa dada wa ultrasaundi aliyesema "toa pumzi yote"

Dada yangu, jina lako sikulishika, ulikuwa unamkimbilia mgonjwa mwingine. Natumaini mtu wa Upper Hill, Nairobi, atakufikishia maneno haya.

Mdogo wangu alikuwa akila kidogo tu, tumbo linamkata. Akaanza kukiogopa chakula, nguo zikamlegea. Tuliambiwa ni vidonda vya tumbo, ila kamera ilipopitishwa kooni haikuona kidonda. Wengine wakasema ni mawazo tu. Hilo lilimuuma kuliko tumbo lenyewe.

Wewe ulimsikiliza. Picha ya kawaida ilikuwa safi, na ungeweza kumwita anayefuata. Badala yake ukawasha Doppler, ile inayopima kasi ya damu, ukamwambia avute pumzi ashikilie, kisha aitoe yote atulie. Alipoitoa, kasi katika mshipa unaolisha tumbo, ini na wengu ikapanda ghafla. Ukatueleza kwa Kiswahili chepesi, bila kutuharakisha: kano ya msuli unaotenga kifua na tumbo inaubana mshipa ule, na mtu akitoa pumzi hubana zaidi. Ukaomba daktari aagize CT ya mishipa, yaani picha za eksirei zinazoundwa na kompyuta, itazamwe kutoka ubavuni, maana picha za kukata mwili kwa mapana huweza kuuficha mbano huo. Ikaonekana wazi: mshipa umepinda kama ndoana.

Kano imekatwa kwa upasuaji. Jumapili alimaliza sahani ya pilau, akaongeza. Mama anakuombea kila jioni. Asante sana, dada yangu, Mungu akuzidishie.