Ruth Brown na deni la studio

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu juu ya Ruth Brown, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa Portsmouth, Virginia, ambaye santuri zake za miaka ya 1950 ziliinua kampuni ya Atlantic hata ikaitwa nyumba iliyojengwa na Ruth. Mliisifu sauti yake, na aliistahili sifa hiyo, lakini mliiruka miaka ya 1960, alipofanya kazi za ndani na kuendesha basi la shule.

Ufukara huo haukuletwa na anasa, kama watu wanavyowadhania wasanii upesi. Gharama za studio, yakiwemo malipo ya wapiga ala, zilikatwa kwenye mirabaha yake, yaani fungu lake la mauzo ya santuri, hivyo katika vitabu vya kampuni alibaki mdaiwa huku santuri zikiendelea kuuzwa. Alidai haki yake kwa miaka mingi, hadi mwaka 1988 Atlantic ilipofuta madeni ya namna hiyo kwa wasanii wake kadhaa wa zamani na kuchangia fedha za kuanzisha mfuko wa kuwasaidia wakongwe.

Napendekeza mchapishe makala ya pili, itakayoeleza mikataba hiyo ilivyoandikwa na nani alifaidika nayo.

Wenu,
Msomaji, Morogoro