Salfa ya mwezi Desemba: nimsainie au nimrudishe?

Mshauri, salaam kutoka Mtwara.

Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu hapa mjini, huu mwaka wa saba. Safari hii nimepangiwa wanafunzi 23 wa mwaka wa tatu niwasimamie utafiti wao, mbali na vipindi vyangu vya darasani. Mmoja wao ananinyima usingizi.

Ni kijana wa Tandahimba, mpole, si mtu wa maneno mengi. Mada yake niliipenda: kwa nini wakulima bado wanauza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya chini, wakati mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kupeleka korosho ghalani zikauzwe kwa mnada, upo tangu 2007. Wiki mbili zilizopita aliniletea kazi nzima, ina jalada gumu, na madodoso 60 kwenye bahasha. Jioni nilikaa nayo barazani nikafurahi. Kiingereza kimenyooka kuliko changu.

Nikafika dodoso la tatu. Mkulima anasema anapuliza salfa mwezi Desemba. La nne, Desemba. La kumi na moja, Desemba. Mshauri, mimi nimezaliwa Newala. Salfa hupulizwa mikorosho ikianza kutoa maua, kuanzia Juni hivi, kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Desemba korosho zimeshaokotwa, watu wanasubiri hela ya mnada. Nani atamwaga mfuko wa salfa mwezi huo? Nikarudi kuzitazama tiki. Zote 60 zina mkia uleule, kalamu ileile ya bluu.

Nilimwita, hakubisha. Alimlipa jamaa mmoja wa stesheneri laki moja na nusu, hela aliyopewa na mama yake. Nikaanza kufoka. Akanisikiliza mpaka nikapumua, kisha akanipa simu yake nisome. Tarehe 12 Februari: "Madam shikamoo, naomba kuulizia sura zangu." Tarehe 26 tena. Tarehe 11 Machi tena. Jibu langu lilikuwa moja tu: "Nitaangalia."

Sura zake zilikaa kwenye droo yangu wiki saba. Alipozipata alikuta nimeandika "rekebisha" pembeni mara tatu, bila kusema arekebishe nini. Kufikia hapo muda wa kwenda kijijini ulikuwa umebaki kiduchu na bumu, hela yake ya mkopo wa chuo, limekwisha. Maneno yaliniishia.

Usinielewe vibaya, wapo wanaokopi kwa uvivu tu. Mwaka jana mmoja aliniletea utafiti wa wavuvi wa Mikindani, huku kwetu baharini, amesahau hata kufuta "Ziwa Victoria" kwenye ukurasa wa pili. Huyo nilimrudisha bila kupepesa macho, na usiku nikalala vizuri.

Halafu ipo ile siku moja inayonifanya nisiache kazi hii. Katika hao hao 23 kuna binti anayeandika juu ya madeni ya wakulima huko Newala. Aliingia ofisini Jumatatu asubuhi, ameshuka kwenye basi muda huo huo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakukaa hata. "Madam, swali langu lilikuwa baya. Nilimuuliza bibi mmoja kwa nini anauza korosho kabla hazijaiva, naye akaniuliza kama nimewahi kuuguza mtoto mwezi wa nne, ndani hamna hata senti." Alikuwa amelichana dodoso lake na kuandika jipya kwa mkono, akiwa safarini. Siku hiyo nilirudi nyumbani Shangani kwa miguu, nacheka peke yangu kama chizi.

Sasa nikimsainia kijana, atavaa joho moja na binti huyu. Nikimpeleka kwenye kamati, anaahirisha mwaka, au anadisko, yaani anafukuzwa chuo kabisa, na zile wiki saba hakuna atakayeziuliza. Njia ya tatu ni kwenda kwa mkuu wa idara, niyaseme yote, ya kwake na ya kwangu, nimwombee mwezi mmoja arudi kijijini na madodoso matupu. Lakini mkataba wangu unaisha Septemba. Mwenzangu ofisini ananiambia nisaini tu, eti nani atasoma? Mume wangu anasema niripoti na nisijitaje.

Jumamosi iliyopita mama yake alikuja. Amepanda basi la alfajiri na kilo mbili za korosho, kazibangua mwenyewe, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Hajui lolote. "Mwalimu, mwanangu ameniambia imebaki saini yako tu." Nilimwandalia chai, nikamuuliza habari za shamba, nikashindwa kumtazama usoni. Korosho zipo kabatini, sijazigusa.

Kukusanya kazi ni tarehe 28. Nianze kwa mkuu wa idara, au kwanza nimwambie mama huyu ukweli? Na korosho zake nitazirudishaje bila kumvunjia heshima?

Madam, Mtwara